Kisukari: Miguu ikiacha kuuma, usikimbilie kushangilia

Je, wewe ni mgonjwa wa kisukari na kila ukilala usiku nyayo zinawaka moto kana kwamba umekanyaga makaa? Je, shuka likigusa tu vidole vya miguu unahisi uchungu? Au wakati mwingine unatembea ukidhani umevaa soksi, kumbe hukuvaa? Ikiwa ndivyo, huenda mishipa yako ya fahamu, ambayo wengine huiita neva, imeanza kuharibiwa na sukari.

Tatizo hili si la watu wachache. Takriban nusu ya wagonjwa wa kisukari hupata madhara ya neva wakati mmoja au mwingine maishani, ingawa si wote wanaohisi maumivu. Wengi hudhani ni baridi yabisi, au uzee, au kwamba damu haitembei vizuri. Hununua tembe za maumivu kwenye kemisti mwezi baada ya mwezi na hawamwambii daktari lolote.

Neva ni mfano wa nyaya za simu. Kazi yake ni kupeleka habari kutoka mwilini hadi kwenye ubongo. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, huziharibu neva zenyewe pamoja na vijishipa vya damu vinavyozilisha. Neva ndefu kuliko zote ni zile zinazofika miguuni, nazo ndizo huumia kwanza. Ndiyo maana uchungu huanzia vidoleni, katika miguu yote miwili, kisha ukapanda polepole kuelekea kwenye muundi. Mikono hufuata baadaye. Neva iliyojeruhiwa hutuma habari za uongo: ukitazama mguu huoni kidonda wala uvimbe, lakini ubongo unaambiwa kuna moto.

Kwa sababu hiyo, dawa kama diklofenaki na ibuprofeni hazifui dafu hapa. Hizo ni za kupunguza uvimbe, na kwenye neva iliyoharibiwa na sukari hakuna uvimbe wa kupunguza. Isitoshe, zikimezwa kila siku huweza kuumiza figo, na figo za mwenye kisukari tayari zimo hatarini.

Dawa zinazosaidia zipo, na huenda zikakushangaza. Amitriptilini na duloksetini zilitengenezwa kutibu ugonjwa wa huzuni, nazo gabapentini na prigabalini hutumiwa kwa kifafa. Ukiandikiwa mojawapo, usidhani daktari amekuona umerukwa na akili! Dawa hizi hupunguza zile habari za uongo zinazotumwa na neva. Mwaka 2022, jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 130, ambapo amitriptilini, duloksetini na prigabalini zilionekana kuleta nafuu inayokaribiana. Pale dawa moja haikutosha, kuongezewa ya pili kulisaidia zaidi. Hiyo ni habari njema kwa mwenye mfuko mwepesi, kwani amitriptilini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu.

Amitriptilini humezwa jioni. Daktari huanza na kipimo kidogo, mathalani miligramu 10, kisha akakiongeza polepole. Huleta usingizi, kinywa kikavu na choo kigumu. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au shida ya kukojoa sharti amweleze daktari kabla ya kuitumia. Prigabalini nayo huweza kuleta kizunguzungu na kuvimbisha miguu, na mwenye figo dhaifu hupewa kiasi kidogo zaidi. Usiazime tembe za jirani. Vilevile usiache dawa baada ya siku tatu ukilalamika kwamba haifanyi kazi, maana huhitaji majuma kadhaa. Uchungu ukipungua kwa nusu na ukaweza kulala, hayo ni mafanikio makubwa.

Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya dawa hizo inayoponya neva. Kinachozuia madhara yasizidi ni kudhibiti sukari. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 1993, uliohusisha wagonjwa 1,441 wa Marekani na Kanada wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba udhibiti thabiti ulipunguza madhara ya neva kwa kiasi cha asilimia 60. Kwa kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wengi wetu, faida ni ndogo kuliko hiyo lakini ipo. Fahamu pia kwamba sukari iliyokaa juu muda mrefu ikishushwa kwa ghafla, uchungu huweza kuzidi kwa muda. Usikate tamaa, mweleze daktari.

Umwulize pia kama kuna chanzo kingine. Metformini, tembe inayotumiwa na wagonjwa wengi, huweza kupunguza vitamini B12 mwilini ikitumiwa kwa miaka, na upungufu huo huharibu neva vilevile. Pombe hufanya hivyo, na dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi pia. Lakini kujinunulia vitamini ovyo si tiba, kwani vitamini B6 ikizidi nayo huharibu neva!

Sasa tufikie jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Uchungu ukipungua kwa sababu ya dawa, vyema. Lakini kuna wakati hupungua kwa sababu neva imekufa kabisa. Mgonjwa hushangilia kwamba amepona, kumbe mguu umekufa ganzi, na huo ndio mguu unaoishia kukatwa.

Kuna njia rahisi ya kujipima nyumbani, iliyobuniwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza. Lala chali, ufumbe macho. Mwambie mtu wa nyumbani aguse kwa ncha ya kidole chake, kwa sekunde moja au mbili tu, bila kufinya, ncha za vidole vyako vya miguu: kidole gumba, cha kati na cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto. Kila unapohisi, sema. Ukikosa kuhisi mara mbili au zaidi kati ya hizo sita, nenda kliniki ukapimwe kikamilifu, hata kama huumwi popote.

Mguu wenye ganzi hauna mlinzi. Mtu huweza kushinda na kijiwe ndani ya kiatu tangu apande matatu asubuhi hadi arudi jioni, asijue. Kung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Usitembee bila viatu, hata sebuleni. Ukienda Gikomba kununua viatu vya mtumba, nenda alasiri miguu ikiwa imevimba kidogo, na uviache vile ambavyo tayari vimeshika umbo la mguu wa mtu mwingine.

La hatari zaidi ni ile desturi ya kuloweka miguu katika karai la maji moto yenye chumvi. Mtu mwenye ganzi huweza kuungua mpaka ngozi ikatoka, naye anaona ni vuguvugu tu. Hali kadhalika wale wanaoota jiko miguuni wakati wa baridi ya Julai. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, au mwambie mtu mwingine ayapime.

Kila jioni tazama nyayo zako na katikati ya vidole. Ikiwa huwezi kuinama, weka kioo sakafuni. Ukiona lengelenge, mkato, wekundu au usaha, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje uchungu uanze, kwa kuwa huenda usihisi chochote.