Makazi na Sheria (Sehemu ya Tatu): Dirisha ni Haki ya Mpangaji

Tarehe 27 Oktoba 2025 Uingereza ilianza kutekeleza sheria inayobeba jina la mtoto. Awaab Ishak alifariki Desemba 2020 katika mji wa Rochdale akiwa na umri wa miaka 2. Uchunguzi rasmi ulibaini kwamba kilichomuua ni kuvu iliyotanda katika nyumba waliyopangishiwa wazazi wake, na ambayo walikuwa wameilalamikia kwa muda mrefu. Sasa mashirika yanayopangisha nyumba za jamii nchini humo yana siku 10 za kazi kuchunguza malalamiko ya unyevu na kuvu inayohatarisha afya, na jambo la dharura sharti lishughulikiwe ndani ya saa 24.

Wasomaji wameniuliza mambo hayo ya Rochdale yanamhusu vipi mpangaji wa Matisi mjini Kitale au Kanduyi mjini Bungoma. Yanamhusu kwa sababu sheria zetu za nyumba zilizaliwa huko, na kwa sababu maradhi ni yale yale. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai chumba huwa baridi, mpangaji huingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Makaa hayo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Asubuhi majirani huvunja mlango. Chumba hicho hicho hutunza unyevu wa nguo zilizoanikwa ndani, na mmoja akiugua kifua kikuu, wanaolala naye huvuta pumzi yake usiku kucha. Sumu ya jiko, kuvu na kifua kikuu vyote hustawi pale hewa isipobadilika.

Ndiyo maana kwa miaka mingi nimeandika juu ya dirisha, na leo nitaandika tena. Jinsi mashamba ya Trans Nzoia yalivyogawanywa tulieleza katika sehemu ya kwanza, na jinsi ploti za kupangisha zilivyoota kandokando ya miji tulieleza katika ya pili. Sitarudia. Leo nauliza jambo moja: kwa nini chumba cha maskini hakina dirisha?

Jibu la kwanza ni serikali. Mwaka 1696 Bunge la Uingereza, chini ya Mfalme William wa Tatu, lilitoza ushuru wa madirisha. Kila nyumba ililipa shilingi 2. Yenye madirisha 10 hadi 20 iliongeza shilingi 4, na iliyozidi 20 iliongeza 8. Hoja yao ilikuwa kwamba tajiri ana nyumba kubwa na nyumba kubwa ina madirisha mengi, na mtoza ushuru angeweza kuyahesabu akiwa barabarani bila kupiga hodi. Mwaka 1766 kiwango kikashushwa, nyumba yenye madirisha 7 ikaanza kutozwa. Adam Smith, katika kitabu chake cha 1776, aliupinga ushuru huo kwa kuwa nyumba ya kodi ndogo huko mashambani ingeweza kuwa na madirisha mengi kuliko nyumba ya gharama kubwa ya London.

Wenye nyumba walitafuta njia ya kukwepa. Wakayaziba madirisha kwa matofali, na hadi leo mgeni atakayetembea katika miji ya zamani ya nchi hiyo ataona alama zake ukutani. Walioumia zaidi ni wapangaji. Jengo lililokodishwa kwa familia nyingi lilihesabiwa kama nyumba moja, mwenyewe ndiye aliyelipa, na kila dirisha aliloziba lilimwokolea fedha huku likimnyima mpangaji hewa. Madaktari walilalamika kwa miongo mingi kwamba homa na kifua kikuu vilikuwa vikizaliwa katika vyumba hivyo vya giza. Ushuru huo ulifutwa mwaka 1851. Ulikuwa umedumu miaka 155.

Nusu karne baadaye serikali hiyo hiyo ilileta kwetu Kenya ushuru wa vibanda. Wabukusu walikuwa wakiishi ndani ya ngome zilizozungushiwa kuta za udongo na mahandaki, kama ile ya Chetambe karibu na Webuye iliyoangushwa mwaka 1895. Ngome zilipovunjwa watu walitawanyika katika maboma ya familia moja moja, na vibanda vikawa rahisi kuhesabika. Kuanzia 1901 kila kibanda kilitozwa. Viwango vilianza kwa rupia chache, na mapema katika miaka ya 1920 vilifikia shilingi 16 kabla ya kushushwa hadi 12. Mzee mwenye wake watatu alilipia vibanda vitatu, maana kwa desturi kila mke ana nyumba yake.

Watu wetu nao walitafuta njia. Badala ya kuziba madirisha, walipunguza vibanda. Wake wawili wakawekwa chini ya paa moja, mama mkwe akaletwa pembeni, vijana waliostahili kujenga nyumba zao wakabaki kwa wazazi. Maofisa wa serikali waliliona hilo, wakalalamika, na mwaka 1910 wakaongeza kodi ya kichwa ili wanaume wasio na vibanda wasiponyoke. Kwa hiyo msongamano tunaodhani ni tabia ya watu maskini uliwahi kuwa hesabu ya busara. Aliyejenga kibanda cha pili aliadhibiwa. Aliyewasongamanisha watoto wake alipata nafuu.

Jibu la pili ni paa. Nyumba ya kale ya udongo na nyasi haikuwa na madirisha makubwa. Moshi wa kuni ulipenya kwenye nyasi taratibu, ukafukuza wadudu njiani, na hewa ikapita katika upenyo kati ya ukuta na paa. Sisemi ilikuwa nyumba ya afya kamili. Macho ya bibi zetu yalijua moshi ule. Lakini ilikuwa na njia ya kupumua. Yalipokuja mabati, paa likaziba. Fundi alipandisha ukuta hadi juu, akafunika upenyo kwa mbao ili mwizi na baridi visipite, na hakuongeza dirisha. Tulibadilisha paa tukasahau kubadilisha ukuta.

Jibu la tatu ndilo linalonikera zaidi, nalo ni la mwaka 1919. Vita Vikuu vilikuwa vimekwisha. Waziri Mkuu wa Uingereza, Lloyd George, alikuwa amewaahidi askari wake kwamba watarudi kwenye nyumba zinazowastahili mashujaa. Bunge likapitisha sheria ya nyumba iliyosimamiwa na Waziri Christopher Addison, kwa lengo la kujenga nyumba 500,000 katika miaka 3. Lengo halikufikiwa, lakini zaidi ya nyumba 200,000 zilijengwa, zikiwa na bustani, maji na madirisha mapana. Ndio mwanzo wa kujenga kwa wingi nyumba za serikali kwa mfanyakazi wa Uingereza.

Mwaka huo huo askari wengine wa vita vile vile waligawiwa mashamba zaidi ya 1,000 katika nchi yetu, na Trans Nzoia ilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyokatwa kwa ajili yao. Wapagazi wetu waliobeba mizigo ya vita hivyo, ambao makumi ya maelfu yao hawakurudi, hawakupewa nyumba wala shamba. Wengi wa wenzao waliingia katika mashamba hayo kama maskwota. Sheria ya 1918 iliwataka watoe kazi ya angalau siku 180 kwa mwaka kwa mwenye shamba. Mfanyakazi alijijengea kibanda mwenyewe, kwa fito na udongo wa shamba la mtu mwingine, na mkataba ukiisha aliondoka na kibanda kikabomolewa.

Nani atakata dirisha, anunue fremu na vioo, katika nyumba inayoweza kuvunjwa msimu ujao? Mtu asiye na uhakika wa kesho hujenga kwa ajili ya usiku wa leo tu. Somo hilo lilirithishwa. Waliofukuzwa na ghasia za ardhi kuanzia mwisho wa 1991 huko Endebess na kwingineko walilisoma upya, na waliokimbia mapigano ya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008 wakalisoma tena. Nendeni Kipsongo, mtaa wa mabanda wa Kitale, mtazame kuta zake. Si uvivu. Ni vizazi vinne vya watu ambao hakuna aliyewaambia kwamba pale wanapolala watalala pia mwaka ujao.

Sheria ilikuwepo muda wote huo. Mwaka 1877 Uingereza ilitoa kanuni za mfano kwa miji yake: dirisha la chumba liwe angalau sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu, na nusu yake iweze kufunguka. Chukua chumba chetu cha ploti cha futi 10 kwa 10. Sakafu yake ni futi 100 za mraba. Dirisha lake basi liwe futi 10 za mraba, yaani upana wa futi 4 na kimo cha futi 2 na nusu. Pima lako jioni ya leo.

Sheria yetu ya Afya ya Umma ilianza mwaka 1921, na Sehemu yake ya Tisa inahusu usafi na makazi. Inampa afisa wa afya uwezo wa kuitangaza nyumba mbovu au iliyosongamana kupita kiasi kuwa kero, na kumwamuru mwenyewe airekebishe. Kwa bahati mbaya, afya ilikuwa tayari imetumiwa kama rungu. Mwaka 1902 mtaa wa biashara wa Wahindi jijini Nairobi ulichomwa kwa kisingizio cha tauni, na muongo mmoja baadaye Profesa Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, alipendekeza miji igawanywe kwa rangi kwa jina la usafi. Ndiyo sababu hadi leo bwana afya akiingia mtaani watu huhofia kubomolewa kabla ya kutarajia kusaidiwa. Kanuni za ujenzi za 1968 ziliongeza ugumu: zilidai vifaa vya gharama hata tofali la udongo ulioshindiliwa likawa haramu mjini, hadi zilipolegezwa mwaka 1995. Kanuni mpya za kitaifa zilianza kutumika tarehe 1 Machi 2025.

Sasa nirudi kwenye siku zetu, ingawa nafasi inapungua. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini tarehe 19 Machi 2024. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 1.5. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ametengewa nyumba za kijamii. Mei 2025 nyumba 1,080 za kwanza zilikabidhiwa Mukuru, Nairobi, na wanaozipinga hawajaona vyumba walimotoka wenzetu waliozipokea. Mimi naziunga mkono. Hata hivyo, ghorofa hizo haziwezi kumfikia kila mpangaji wa Tuwani, Kiminini, Chwele na Kwanza. Kwa miaka mingi ijayo wengi watabaki kwenye ploti, wakikatwa ushuru wa nyumba wasizoishi. Sheria ya kudhibiti kodi nayo inamlinda mpangaji wa chumba kisichozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango cha zamani kilichopitwa na bei za leo. Haki ya makazi yanayofaa iko katika Kifungu cha 43 cha Katiba. Haiko ukutani.

Na hapa nitasema wazi, hata kama wengine watachukia. Mlowezi aliondoka. Mwenye ploti leo ni mwalimu mstaafu, diwani, mzee wa kanisa, mfanyabiashara wa mahindi. Ni sisi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwenye ploti wetu hupaka mlango rangi, huandika namba, hudai dipozi na kodi ya mwezi kabla ya tarehe 5, na haingii ndani kamwe. Anayepokea kodi ya chumba kisicho na hewa anauza maradhi, na sadaka ya Jumapili haiondoi deni hilo. Mama anayeuza mandazi sokoni hutakiwa kuwa na cheti cha afya. Ploti ya vyumba 20, wanamolala watoto 50, haiulizwi chochote.

Mabunge ya kaunti zetu mbili, Trans Nzoia na Bungoma, yanaweza kubadilisha jambo hili bila kungoja Nairobi, kwa kuwa afya ya umma iko mikononi mwao. Yapitishe sheria ndogo yenye mambo matatu. Kwanza, kila ploti ya kupangisha iwe na cheti cha afya cha kila mwaka, na afisa apime dirisha, tundu za hewa na idadi ya walalaji. Pili, mwenye ploti apewe muda wa kurekebisha, na mpangaji asihamishwe wala kuongezewa kodi kwa sababu alilalamika. Tatu, malalamiko yawe na siku za kujibiwa, kama zile 10 za Uingereza, maana haki isiyo na tarehe hupotea katika faili. Gharama ya fremu ya futi 4 ni kodi ya miezi michache ya chumba kimoja.

Wapangaji nao wasikae kimya. Ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo iko wazi kwa kila mkazi, na malalamiko yaliyoandikwa na kutiwa saini na wapangaji wote wa ploti hayawezi kupuuzwa kama ya mtu mmoja. Andikeni, wekeni nakala, mrudi kuuliza.

Sehemu ya nne itahusu vyoo vya shimo na maji ya visima vya ploti, na ni nani anayepaswa kulipa.