Jina Lilibaki, Mafundi Wakaenda

Ukipita Lindi kule Kibera jioni, huenda ukasikia kelele za ushindi kutoka kibanda cha mabati. Ndani, vijana wamekodolea macho televisheni, wakisakata kandanda kwa vidole. Majina ya wachezaji wanayajua yote. Lakini waulize kampuni iliyounda mchezo huo ni ya nani, uone kama utajibiwa.

Je, kampuni ikipata mwenyewe mpya, kuna neno? Kisa cha Atari kitufunze.

Atari ilianzishwa Marekani mwaka wa 1972 na Nolan Bushnell na Ted Dabney. Mchezo wao Pong, mfano wa tenisi ya meza, uliwapa umaarufu. Mwaka wa 1976 kampuni ya Warner Communications iliinunua Atari kwa dola milioni 28 hivi. Fedha za tajiri mpya zilisaidia: mwaka uliofuata ikatoa mashine ya kuchezea nyumbani, iliyouzwa kwa mamilioni.

Hata hivyo, tajiri mpya huja na desturi zake. Bushnell aliondoka, na usukani ukashikwa na Ray Kassar, aliyetoka katika biashara ya vitambaa. Waundaji wa michezo walitaka majina yao yatajwe na malipo yao yalingane na mauzo. Walipokataliwa, baadhi yao walitoka na mwaka wa 1979 wakawa miongoni mwa waanzilishi wa Activision, mshindani mkubwa wa Atari.

Mwaka wa 1982 ikaja zamu ya mchezo wa E.T., uliotokana na filamu ya jina hilo. Mwundaji wake alipewa wiki tano hivi ili uwahi Krismasi. Haraka haraka haina baraka! Kaseti nyingi zilidoda, na mwaka wa 1983 shehena za bidhaa za Atari zikafukiwa katika jaa la taka huko Alamogordo, New Mexico. Baadhi zilifukuliwa mwaka wa 2014.

Mwaka wa 1984 Warner iliuza kitengo cha michezo ya nyumbani na kompyuta kwa Jack Tramiel. Baadaye jina hilo lilifika kwa Hasbro mwaka wa 1998, kisha kwa Infogrames ya Ufaransa, ambayo mwishowe ilijiita Atari yenyewe.

Usidhani hayo ni ya kale tu. Electronic Arts, inayounda mchezo wa kandanda uliojulikana kama FIFA hadi mwaka wa 2023, ilikubali Septemba 2025 kununuliwa kwa dola bilioni 55 na wawekezaji wakiwemo hazina ya serikali ya Saudia.

Basi, kijana unayeota kuunda michezo, kumbuka kwamba mnunuzi hununua jina, nembo na haki. Ujuzi ulio kichwani mwa fundi haununuliki hivyo; akidharauliwa, huondoka nao. Siku utakapoajiriwa, soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Uliza kazi yako itakuwa ya nani, na jina lako litaandikwa wapi.