Ngome na Mabwana Zake

Mkazi wa Kibaha au Kisarawe atakaye kutazama ngome ya kale bila ya kuvuka bahari hana haja ya kutoka nje ya Mkoa wake wa Pwani, kwani Ngome Kongwe ya Bagamoyo, ambayo mtu wa Kibaha huifikia kwa kupitia Mlandizi, ingali imesimama. Na tarehe yake, kwa rai yangu, yatufundisha mengi kuliko ya ngome zilizoipita kwa umaarufu, kwa kuwa hapo asili haikuwa ngome. Yapata mwaka 1860 Abdallah Suleiman Marhabi aliijenga kwa mawe na chokaa iwe maskani yake. Kisha ikaingia mikononi mwa Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888. Kisha Wadachi, ambao dola yao ilikuwa na makao yake Bagamoyo hadi 1891, wakaweka humo askari wao. Waingereza walipoirithi nchi waliigeuza gereza, kwani ukuta uliokusudiwa kumzuia adui asiingie wafaa vilevile kumzuia mfungwa asitoke, na serikali yoyote iliyo bahili huliona hilo upesi. Bendera ilishushwa 1961, nyingine ikapandishwa, na wafungwa wakabaki humo hata 1974.

Ng'ambo, Ngome Kongwe ya Unguja imepitia mageuzi ya ajabu zaidi. Waarabu wa Omani, baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao; katika karne ya 19 ikawa gereza; reli ya Bububu ilipofunguliwa 1905, ngome ikatiwa katika shughuli za gari la moshi; na mwaka 1949 ua wake ukatengenezwa wanawake wapate kucheza tenisi, jambo ambalo maliwali wa zamani, nadhani, wasingalilisadiki hata kwa kiapo. Leo hupigwa ngoma humo, na tangu 1998 huonyeshwa filamu katika tamasha la nchi za jahazi.

Wengi husifu unene wa kuta, lakini mizinga ilipozidi nguvu kuta hizo hazikuwa kinga tena. Kilichowavuta warithi wote, askari jela, mafundi wa reli na wacheza tenisi, ni ule ua mpana ulio wazi katikati ya mji wenye vichochoro, ambao mwenye ufunguo aweza kuufunga kwa mlango mmoja na kutoza kiingilio.