Gesi ya msimu wa korosho

Daftari ni la shule, jalada lilishang'oka siku nyingi. Wakala wa gesi wa Lisekese, Masasi, mkoani Mtwara, huandika humo kwa penseli kila anayekuja kujaza mtungi: jina, tarehe, kilo. Nililipekua nikisubiri chenji, nikanogewa. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba majina yanabanana hadi pambizoni, na mengine yanajirudia kabla mwezi haujaisha. Desemba ndiyo usiseme. Halafu mistari inaanza kupwaya, na ikifika Juni ukurasa mmoja unabeba mwezi mzima: walimu, muuguzi, mwenye baa, basi.

"Hapo unasoma minada ya korosho, mwanangu," akaniambia.

Malipo ya mnada yakishaingia, watu wanamiminika na mitungi juu ya bodaboda, mingine imeshika kutu kitakoni kwa kukaa. Hela ikikata, mtungi unarudi uvunguni. Kuujaza ule wa kilo 6 kunapita shilingi 20,000, na zote zatakiwa kwa mkupuo. Mkaa unapimwa kwa kopo. Kuni za mikorosho iliyopogolewa shambani hazinunuliwi kabisa.

"Mtu kaja na elfu mbili. Nimkatie gesi kwa kisu?"

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imegawa mitungi ya kilo 6 kwa nusu bei. Ni jambo jema, ila nusu bei hiyo ni ya siku ya kuupata mtungi. Siku ya kuujaza tena, mkulima anabaki na mfuko wake.

Kwani gesi si ya kwao? Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa 2015, na vurugu za Mtwara za 2013, za kulipinga bomba hilo, hazijasahaulika. Lakini ile ni gesi asilia, hupita bombani. Hii ya mtungini huletwa na meli kutoka nje, kisha hupanda lori kuja kusini, na nauli yote hiyo imo kwenye bei.

Ya Mnazi Bay imekuwa ikifika huku kwa waya: kwa miaka mingi ndiyo iliyozalisha umeme wa Mtwara na Lindi. Na umeme, kwa LUKU, ule wa kulipia kabla, hata wa elfu moja unauzwa.

Wakala wangu analijua hilo. Yeye, muuza gesi, amenunua jiko la presha la umeme, na sababu yake ni mbaazi. Mbaazi kavu zinamaliza mkaa, anasema, unachochea mpaka unachoka. Sasa analoweka usiku. Asubuhi anazitia jikoni, maji yazidi kidogo tu, anazungusha kifuniko mpaka kilie, anabonyeza, anarudi zake dukani. Presha ikishajaa jiko linakata moto lenyewe, likipoa kidogo linawasha tena. Alisoma mita kabla, akasoma baada: uniti moja haikuisha. Tui analitia mwishoni, kifuniko kikiwa wazi, maana ukilifungia linakatika.

Ugali umemshinda humo. Sufuria inazunguka na mwiko, haina pa kuikamatia. Kwa hiyo jiko la mkaa bado lipo uani, na umeme ukikatika linapika hata hizo mbaazi. Lile la umeme nalo alilinunua lini? Novemba, kwa hela ya msimu, kama wateja wake. Asiye na shamba la mikorosho sijui atalipatia wapi.

Nikamuuliza kama huwa anawaambia wateja habari za jiko lile.

Akacheka, akalifunika daftari. "Wakiniuliza, nitawaambia. Wasiponiuliza, nina mitungi ya kuuza."