Ushuru wa Soko Huenda Wapi, na Kwa Nini Choo cha Soko Husubiri

Katika vikao vya wananchi kuhusu bajeti kuna swali ambalo halikosi kuulizwa, na aghalabu anayeuliza ni mfanyabiashara wa soko: mbona tunalipa ushuru kila siku ya soko, lakini choo kimeziba tangu mwaka jana na taa haziwaki? Ni swali la haki. Kwa anayelipa, jambo lenyewe ni wazi: pesa zinatolewa hapa sokoni, choo kiko hapa sokoni, na ofisi ya mji iko ng'ambo ya barabara. Hata hivyo, kati ya risiti ya ushuru na fundi wa choo kuna safari ndefu ya kisheria. Mkaazi anayeijua safari hiyo ana nafasi nzuri ya kupata anachokihitaji kuliko yule anayengoja mkutano wa Aprili ndipo atoe malalamiko.

Mji mdogo hauna mfuko wake

Wazee wanayakumbuka mabaraza ya miji. Hadi Machi 2013 Kenya ilikuwa na mabaraza 175, kuanzia la Jiji la Nairobi hadi ya miji midogo ya mashambani, kila moja likiwa na madiwani, mwenyekiti au meya, na karani. Baraza lilitoza ushuru wake, likaweka benki yake, likalipa wafagiaji wake. Juu ya hayo lilipata mgao wa LATF, hazina iliyotengewa asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi nzima. Baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, mabaraza hayo yalikoma na kazi zake zikaingia mikononi mwa serikali 47 za kaunti.

Leo mji huendeshwa kwa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011. Tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019, kituo cha soko kinahitaji wakaazi wasiopungua 2,000, mji 10,000 na manispaa 50,000. Tofauti kati ya ngazi hizi si ya jina tu. Manispaa huwa na hati yake, bodi na meneja. Mji mdogo huwa na msimamizi wa mji na kamati, na kwa kawaida fedha zake huandikwa ndani ya fungu la idara inayosimamia ardhi na maendeleo ya miji. Yaani ukifungua kitabu cha makadirio ya bajeti ukitafuta sura yenye jina la mji wako, huenda usiione. Tafuta chini ya idara, kisha soma jedwali la miradi ya kila wadi.

Kazi ya kila siku

Siku ya msimamizi wa mji huanza kabla ya maduka kufunguliwa. Wafagiaji wamefika? Lori la taka lina mafuta? Nyama imekaguliwa na kupigwa muhuri kabla ya kutoka kichinjioni? Maji ya soko yanatoka? Kuna bili ya umeme ya taa za barabarani, kuna mgogoro wa nani aliuziwa kibanda kipi, kuna bodaboda walioegesha mlangoni mwa zahanati. Mchana kuna maombi ya kibali cha ujenzi na ukaguzi wa leseni za biashara. Kazi kama taka, masoko, vichinjio, makaburi ya umma, taa za barabarani na leseni za biashara zimetajwa waziwazi katika Jedwali la Nne la Katiba kuwa ni za kaunti.

Yako pia mambo ambayo msimamizi huulizwa kila wiki ilhali si yake. Ikiwa barabara inayopita katikati ya mji iko chini ya KeNHA, KURA au KeRRA, hawezi kuitia lami wala kuiwekea matuta. Kazi yake ni kuandika barua na kufuatilia. Hawezi pia kupandisha au kusamehe ushuru. Kwa mujibu wa Katiba, hakuna kodi inayotozwa, kuondolewa au kubadilishwa ila kwa sheria, na viwango vya kaunti huwekwa na Sheria ya Fedha inayopitishwa na Bunge la Kaunti. Mtoza ushuru anayekupunguzia papo hapo bila risiti hajakusaidia. Pesa hizo hazitaonekana popote katika hesabu, na soko lako litahesabiwa kuwa lina mapato duni.

Njia ya shilingi

Tuseme muuza mboga amelipa shilingi 30 asubuhi, kwa simu au mkononi mwa mtoza ushuru. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka fedha zote zinazokusanywa au kupokewa na kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile zilizoruhusiwa na sheria kubaki nje yake. Akaunti ya hazina hiyo iko Benki Kuu ya Kenya. Mtoza ushuru haruhusiwi kutoa hata senti moja ya makusanyo kununua ufagio, kwa nia njema kiasi gani. Kuzitumia kabla hazijafika benki ni kosa, hata kama choo kimeziba na kila mtu anakiona.

Baadhi ya wafanyabiashara hutaja hospitali, na hawajakosea. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya iliruhusu hospitali na vituo vya umma kubaki na mapato yao na kuyatumia. Masoko hayajapewa ruhusa ya aina hiyo.

Sharti hili huudhi, lakini lina sababu. Mji wenye soko kubwa ungejilisha wenyewe, na kituo cha vibanda kumi kule ukingoni mwa wadi kisingeona kisima wala taa. Tena, ushuru wa soko ni sehemu ndogo ya fedha za kaunti nyingi za mashambani. Sehemu kubwa hutoka katika mgao wa usawa wa mapato ya taifa, ndiyo maana mtikisiko wa Nairobi hufika hadi kwenye lori la taka. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha wa taifa kuondolewa, mgao wa kaunti zote kwa mwaka wa 2024/2025 ulipunguzwa kutoka shilingi bilioni 400.1 hadi bilioni 387.4 kufuatia mvutano kati ya Seneti na Bunge la Taifa. Wakati huo mwaka wa fedha ulikuwa umeshaanza. Bajeti inapopungua katikati ya mwaka, mishahara haiguswi kwa urahisi. Kinachosogezwa mbele ni mradi ambao haujaanza.

Kutoka katika hazina nako si kwepesi. Hakuna fedha inayotolewa bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, ambaye ni afisa huru asiyeajiriwa na gavana. Kabla ya kuidhinisha huangalia kama matumizi hayo yamo katika sheria ya matumizi iliyopitishwa na Bunge la Kaunti. Ikiwa choo cha soko hakimo, hakuna mlango wa nyuma.

Mwezi wa Agosti ndio wenye uzito

Hapa ndipo wakaazi wengi hukosa. Mkutano unaojaza watu ni ule wa makadirio ya bajeti, ambayo ni lazima yafikishwe katika Bunge la Kaunti ifikapo Aprili 30. Viti hupangwa, hema hupigwa, na watu hutaja miradi mipya. Lakini kufikia wakati huo sehemu kubwa ya orodha imekwisha kuamuliwa.

Mradi huzaliwa mapema zaidi. Kwanza lazima uwe na mizizi katika Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ule wa miaka mitano. Unaotumika sasa ni wa 2023–2027. Kisha kila mwaka, kabla ya Septemba 1, kaunti huwasilisha katika Bunge la Kaunti Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unaotaja miradi ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Ifikapo Februari 28 hufuata waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka viwango: idara hii isipite kiasi hiki, ile isipite kile. Makadirio ya Aprili hujazwa ndani ya viwango hivyo, na sheria ya matumizi hupitishwa kabla ya Juni 30.

Hesabu basi. Wafanyabiashara wanaotaka choo kipya kianze kujengwa katika mwaka wa fedha wa 2027/2028 wanapaswa kukitaja kabla ya Septemba 2026. Anayekitaja Aprili 2027 anaomba mradi mwingine uondolewe ili chake kiingie, na mwenye mradi huo naye amekaa safu ya mbele. Vikao vya Agosti huwa na watu wachache na maneno machache, na pengine ndiyo sababu watu kumi waliojipanga vizuri huweza kupata mengi humo kuliko umati wa Aprili.

Kujipanga vizuri ni nini? Ni kuleta ombi moja lililoandikwa, lenye mahali kamili na idadi ya wanaohitaji, na kueleza ardhi ni ya nani. Suala la ardhi ndilo huangusha miradi mingi. Choo hakiwezi kujengwa kwa fedha za umma katika ploti yenye hati ya mtu binafsi, hata kama mwenyewe amekubali kwa mdomo mbele ya wazee.

Kurekebisha si sawa na kujenga

Choo kilichoziba hakihitaji kungoja mwaka na nusu. Kuzibua, kubadilisha bomba au kuweka kitasa ni matengenezo, na hulipwa kutoka matumizi ya kawaida, pamoja na mafuta ya lori, bili za umeme na ujira wa vibarua. Kwa mambo madogo kabisa kuna masurufu, fedha kidogo ambazo ofisi hupewa na kuzitolea hesabu kwa risiti. Kwa hiyo ombi la ukarabati lipelekwe kwa msimamizi wa mji au wa wadi wakati wowote, kwa maandishi, na mwombaji abaki na nakala yenye muhuri na tarehe. Likikaa bila jibu, nakala hiyo ndiyo humwezesha mwakilishi wadi kuuliza swali lenye ushahidi katika Bunge la Kaunti.

Ukweli ni kwamba fungu hili la kawaida ndilo hubanwa zaidi. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, lakini hakuna asilimia iliyowekewa matengenezo. Kuzindua soko jipya huvutia watu na kamera. Kununua balbu 40 hakumvutii yeyote. Wakaazi wanapotoa maoni Aprili, hapa ndipo wanapoweza kubadilisha kitu: waulize ni kiasi gani kimetengewa kutunza kile kilichokwisha kujengwa.

Juni 30

Bajeti ikipitishwa, mradi huanza safari ya zabuni. Mshindi akishatangazwa, mkataba hautiwi saini kabla ya siku 14 kupita ili walioshindwa wapate nafasi ya kulalamika. Malalamiko yakiwepo, au fedha zikichelewa kutoka Hazina ya Taifa, miezi huyoyoma. Ifikapo Juni 30 mwaka wa fedha hufungwa, na idhini ya kutumia fedha ambazo hazijatumika hukoma. Fedha hubaki katika hazina ya kaunti na lazima zipitishwe upya katika bajeti. Mkandarasi aliyemaliza kazi bila kulipwa huwa deni, na deni hilo hula bajeti ya mwaka unaofuata kabla mradi mpya haujaguswa. Kwa hiyo jina la mradi kuwamo katika kitabu cha bajeti halitoshi. Waulizaji makini huuliza Januari: zabuni imetangazwa? Nani ameshinda? Kazi imefika wapi?

Maswali hayo yana haki ya kujibiwa. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ombi la habari kwa ofisi ya umma hupaswa kujibiwa haraka iwezekanavyo na kabla ya siku 21 kupita. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika anaweza kulitoa kwa mdomo, naye afisa atalazimika kuliandika na kumpa nakala.