Fahamu: Pareto, ua jeupe linaloua wadudu

Ukiyatazama kwa mbali, mashamba ya pareto ya Umalila, mkoani Mbeya, utadhani yamepambwa kwa ajili ya harusi. Usidanganyike. Ua hili, ndugu wa alizeti, ni sumu ya wadudu.

Asili yake ni Dalmatia, pwani kavu yenye mawe katika Kroatia ya leo. Huku kwetu limepata makazi milimani, kwa sababu bila baridi mmea hujaa majani tu na maua hayaji. Ndiyo maana hulioni kwenye joto la Kyela.

Sumu yenyewe, pairethrini, hukaa zaidi kwenye vimbegu vya katikati ya ua, si kwenye zile petali nyeupe tunazozisifia. Hushambulia mishipa ya fahamu, mbu akaanguka papo hapo. Jua huivunja haraka, hivyo haidumu shambani. Lakini huwadhuru nyuki na samaki pia, jambo ambalo wanaoisifu kuwa ni “dawa ya asili” hulisahau.

Maua huchumwa kwa mkono yakishachanua, kisha hukaushwa. Yakivunda, sumu hupungua, na bei nayo. Kiwanda cha kuyasindika kiko Mafinga, Iringa.