Marejeo ya Sally Floyd na Biti Mbili za Kichwa cha Pakiti

Mwaka 1993 Sally Floyd na Van Jacobson, watafiti wa Maabara ya Lawrence Berkeley huko California, walichapisha makala kuhusu foleni ndani ya ruta. Watafiti wengine wameirejelea maelfu ya mara, na Floyd akawa miongoni mwa wanasayansi wa mitandao waliorejelewa sana duniani. Hesabu hiyo inatuambia nini hasa?

Tuanze na kazi yenyewe. Ruta hupokea pakiti za data kutoka pande nyingi, na zile zisizoweza kupita papo hapo hupanga foleni. Kwa utaratibu wa zamani, foleni ikijaa, pakiti inayofika hutupwa. Kompyuta iliyotuma ikigundua pakiti yake imepotea, hupunguza kasi. Tatizo ni kwamba kompyuta nyingi hupoteza pakiti kwa pamoja, hivyo hupunguza kasi kwa pamoja, kisha huiongeza kwa pamoja, na njia inakuwa mara tupu, mara imefurika. Floyd na Jacobson walitaka ruta isingoje kujaa. Ikokotoe wastani wa urefu wa foleni, na wastani huo ukivuka kiwango fulani, ianze kutupa pakiti moja moja bila kuchagua, na izidi kutupa kadiri foleni inavyorefuka. Mbinu hiyo waliiita RED.

Mwaka 1998 wahandisi wa intaneti walipendekeza rasmi itumike, na watengenezaji wakaiweka katika ruta zao. Hata hivyo, waendeshaji wengi wa mitandao walisita kuiwasha. RED ina vipimo kadhaa vinavyopaswa kupangwa kwa mkono, na vipimo vinavyofaa laini hii huvuruga laini ile. Hapo ndipo marejeo yalipozaliana. Mmoja aliandika kuonyesha kasoro, mwingine akaleta toleo lake, mwingine akalinganisha matoleo yote. Floyd mwenyewe, pamoja na wenzake, alitoa toleo linalojirekebisha mwaka 2001. Mwaka 2015 pendekezo la 1998 lilibadilishwa, na RED haikutajwa tena kuwa chaguo la kawaida.

Kwa maoni yangu hilo halipunguzi hadhi ya makala hata chembe. Iliwapa watafiti swali zuri la kufanyia kazi kwa zaidi ya miaka 20, na wachache sana wamewahi kufanya hivyo. Lakini anayesoma idadi ya marejeo kama idadi ya mashine zinazotumia mbinu hiyo amekosea, kwa sababu marejeo mengi yalitokana na ugumu wa kuitumia.

Kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, hakituondolei shida hii. Mtafiti mwenye makala 40 zilizorejelewa angalau mara 40 kila moja ana h ya 40, na makala iliyorejelewa mara elfu kumi huhesabiwa humo sawa na ile ya mara 40.

Kazi nyingine ya Floyd ilipita njia tofauti. Mwaka 1994 alichambua wazo la ruta kuiwekea pakiti alama ya msongamano badala ya kuitupa, na mwaka 2001 yeye, K. K. Ramakrishnan na David Black waliandika waraka wa kiwango, ECN, unaotumia biti mbili tu katika kichwa cha pakiti. Mhandisi anayeandika programu kwa kufuata waraka wa namna hiyo hachapishi makala, kwa hiyo kazi yake haiongezi rejeo hata moja. Kwa miaka mingi ECN ilibaki imezimwa karibu kila mahali, kwa kuwa baadhi ya vifaa vya njiani vilizikataa pakiti zenye alama hizo. Kisha mwaka 2010 watafiti waliitumia kujenga DCTCP, itifaki ya vituo vya data, ambamo maelfu ya kompyuta huzungumza kwa kasi kubwa na foleni fupi ni jambo la lazima.

Floyd alifariki Agosti 2019. Januari 2023 zilitoka nyaraka za L4S, mpango wa kupunguza ucheleweshaji katika intaneti ya kawaida, majumbani na kwenye simu, na alama zake huandikwa katika biti zilezile mbili.